Je, Wajua? Kinga ya Mwili, Tuzo za Vijana na Barabara ya Jinja hadi Mbale

Safu ya leo iko mashariki mwa Uganda. Tunaanza na tuzo inayogombewa na watafiti vijana wa kinga ya mwili duniani kote, tunapita wodi za Jinja, tunashika njia ya Iganga na Tirinyi hadi Mbale, tunachungulia Tororo na Teso, kisha tunairudia tuzo tukiwa na hoja mkononi. Funga mkanda.

TUZO YENYEWE

Je, wajua kuwa jarida la *Science* la Marekani hushirikiana na taasisi ya Michelson Philanthropies kutoa tuzo ya elimu ya kinga ya mwili kwa watafiti wasiozidi umri wa miaka 35? Mshindi mkuu huondoka na dola 30,000. Mfadhili wake, Gary Michelson, ni daktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo aliyetajirika kwa kuvumbua vifaa vya upasuaji huo.

Je, wajua kuwa rundo la vyeti pekee halimpi mtu ushindi hapo? Mgombea huandika insha ya maneno yapatayo 1,000 kuhusu utafiti wake mwenyewe: aliuliza nini, alipima nini, na jibu lake litabadilisha nini katika chanjo au tiba.

Je, wajua kuwa mshindi mkuu wa kwanza, mwaka 2022, alijibu swali lililoulizwa kila mtaa wakati wa korona? Kwa nini huyu kakohoa siku mbili akapona, na yule wa rika lake kawekewa oksijeni? Mfaransa Paul Bastard na wenzake walipima damu ya wagonjwa mahututi 987. Kati yao, 101 walikuwa na kingamwili zilizogeuka adui wa nyumbani: zilikuwa zikizuia interferoni, kemikali ambazo mwili hutoa mapema kuzima virusi. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95.

JINJA: MTOTO WA PILI

Je, wajua kuwa moja ya sura kubwa za sayansi ya saratani ilifunguka katika hospitali ya Jinja? Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja akipita wodini. Akatupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka nje, akampima: taya zile zile nne. Mgonjwa mmoja wa ajabu ni kisa cha kusimulia. Wawili ni ugonjwa unaotafutwa jina. Burkitt alirudi Mulago akaanza kufukua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo.

Wajua pia kuwa Burkitt alikuwa na jicho moja tu? Lingine alilipoteza kwa ajali akiwa mvulana.

Je, wajua kuwa saratani hiyo, leo limfoma ya Burkitt, ni ugonjwa wa kinga yenyewe? Huanzia kwenye seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Seli moja huharibika, hukataa kuacha kugawanyika, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache.

Je, wajua kuwa mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford wakazunguka nalo Afrika kwa wiki kumi? Walisafiri maili 10,000, karibu kilomita 16,000, hadi kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha za wagonjwa mkononi: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, ugonjwa hupotea. Ni ramani ya mbu wa malaria, na malaria imethibitika kuwa mshirika mmoja wa saratani hiyo.

Mshirika wa pili je? Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Katika wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, aliyetoka ukumbini ameazimia kupata vipande vya uvimbe huo kutoka Uganda. Vilisafirishwa kwa ndege, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ilikuta ukungu London ikatua Manchester, mzigo ukachelewa, na chupa ikafika na maji machafu. Wengine wangeitupa wakidhani imeingiwa na bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akakuta seli za saratani zinaelea zikiwa hai. Seli hizo zikakuzwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kinaitwa Epstein-Barr.

Je, wajua kuwa huenda unacho hata wewe unayesoma hapa? Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba kirusi hicho. Kinga yao hukifungia ndani ya seli maisha yao yote bila shida. Mtoto ambaye kinga yake imechoshwa na malaria ya mara kwa mara ndiye aliye hatarini.

Na tuzo? Mwaka 1972 Burkitt alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa tiba ya dawa ya uvimbe huo. Aliyekuwamo pia ni John Ziegler, daktari kijana wa Marekani aliyeongoza kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wagonjwa walitoka huku, vifaa na medali vilitoka kule. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

NJIANI: MBU, DAMU NA NG'OMBE

Je, wajua kuwa mkazi wa Jinja na mkazi wa Tororo wanaweza kuishi katika malaria mbili tofauti? Kati ya 2011 na 2012 watafiti walitega mbu majumbani. Walukuba, Jinja, mtu alikadiriwa kupata chini ya mara tatu kwa mwaka kuumwa na mbu mwenye vimelea. Nagongera, Tororo, ilikuwa mara 310. Karibu kila usiku! Baadaye upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba ulipunguza sana idadi hiyo.

Je, wajua kuwa mwili unaweza kuzoea malaria? Mwaka 2014 watafiti waliofuatilia watoto wa Tororo walieleza kuwa waliougua mara nyingi walikuwa na upungufu wa seli za kinga ziitwazo gamma-delta, zile zinazopiga kengele ya homa. Matokeo yake, mtoto ana vimelea kwenye damu lakini anacheza mpira. Kwake ni nafuu. Kwa mbu ni ghala la vimelea lisilofungwa.

Je, wajua kuwa kinga ya mtu mzima dhidi ya malaria inaweza kuhamishwa kwa sindano? Mwaka 1961 ilichapishwa kuwa kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya watu wazima wa Gambia zilipunguza vimelea kwa watoto wagonjwa. Baadaye kingamwili za Afrika Magharibi zilijaribiwa dhidi ya malaria ya Afrika Mashariki, nazo zikafanya kazi. Tangu hapo swali ni moja: kati ya protini nyingi za kimelea, zipi ndizo zinazolengwa na kingamwili hizo?

Je, wajua kuwa chanjo ya malaria tayari imo katika ratiba ya watoto Uganda? Chanjo ya R21 ilizinduliwa Apac tarehe 2 Aprili 2025. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Mzazi, ya mwisho ndiyo husahaulika, maana mtoto anakuwa keshaanza kukimbia.

Je, wajua kuwa ramani ya selimundu nchini Uganda ilichorwa kwa damu iliyokuwa imeshatolewa kwa kazi nyingine? Watoto wachanga waliopimwa VVU walikuwa wameacha matone makavu ya damu kwenye kadi za karatasi. Watafiti walizirudia kadi zaidi ya 97,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: asilimia 13.3 walibeba chembe moja ya urithi ya selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Busoga ni kati ya maeneo yaliyoongoza.

Kwa nini chembe hiyo haijafutika? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwamba aliyerithi chembe moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayerithi mbili huugua, na wengu wake, ambao ni kichujio cha bakteria, huharibika mapema. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu hupewa penisilini kila siku na asikose chanjo.

Je, wajua kuwa chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani, ilipimwa Teso dhidi ya ukoma? Utafiti ulianza mwaka 1960 kwa maelfu ya watoto, na ulionyesha kinga ya asilimia 80 hivi. Bakteria wa ukoma na wa kifua kikuu ni ndugu, na kinga iliyofunzwa kumkamata mmoja humtambua na mwenzake.

Je, wajua kuwa malale yaliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na mwambao wa Ziwa Victoria kati ya 1900 na 1920? Kimelea chake ni bingwa wa kubadili kanzu. Kinga ikishaijua protini iliyokifunika, chenyewe huvaa nyingine, na akiba yake ya chembe za urithi za kanzu hizo inapita 1,000. Kwa sababu hiyo malale hayana chanjo hadi leo. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huo: ya taratibu kaskazini-magharibi, ya haraka huku kusini-mashariki, ambako ng'ombe hubeba vimelea bila kuonyesha dalili.

Je, wajua kuwa Jinja ilisaidia kuthibitisha kuwa dawa za VVU zinaweza kumfuata mgonjwa nyumbani? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 1,453 wa shirika la TASO, Jinja, waligawanywa kimaeneo: baadhi walifuatwa nyumbani na wahudumu wenye pikipiki, wengine wakaenda kliniki. Idadi ya walioshindwa kudhibiti virusi ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Nauli ndiyo iliyotofautiana.

MBALE: HOSPITALI ILIYOBADILI VITABU

Je, wajua kuwa watoto wa Mbale walisaidia kupindua imani ya madaktari wa dunia nzima? Mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, mikono na miguu ya baridi, alitakiwa kuongezewa maji mengi haraka kwenye mshipa. Utafiti wa FEAST ulioongozwa na Kathryn Maitland uliijaribu dripu hiyo ya haraka katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwamo. Kundi kuu lilikuwa la watoto 3,141. Waliopewa maji ya haraka, takriban 10.5 kwa kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Wasiopewa, 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, ukachapishwa mwaka 2011. Jambo lililofanywa kwa nia njema miaka nenda miaka rudi lilikuwa halijawahi kupimwa sawasawa kwa watoto hawa.

Je, wajua kuwa mashariki mwa Uganda kuna watoto wa malaria wanaokojoa mkojo mweusi kama soda ya kola? Chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi na rangi yake hutokea kwenye mkojo. Profesa Peter Olupot-Olupot wa Mbale na wenzake wameonyesha kuwa hali hiyo, iliyodhaniwa kuwa ya vitabu vya zamani, ipo sana Mbale na Soroti. Mama akiuona mkojo huo asingoje asubuhi: mtoto anaweza kuhitaji damu saa hiyo hiyo.

Je, wajua kuwa kuna bakteria aliyepewa jina la mji wa Mbale? Katika hospitali ya watoto ya CURE, watoto wachanga wenye maji kichwani huletwa kutoka kila pembe ya nchi. Wengi walipata maambukizi wakiwa na umri wa wiki chache tu, wakapona homa, kisha kichwa kikaanza kukua. Kwa miaka vipimo vya kawaida vya maabara havikuotesha kitu. Timu ya Steven Schiff ikasoma vinasaba vilivyomo kwenye maji ya ubongo ya watoto 100, na mwaka 2020 ikamtaja mshukiwa: *Paenibacillus thiaminolyticus*, aina ya Mbale. Sehemu ya pili ya jina inasema tabia yake: huvunja vitamini B1.

Wajua pia kuwa hospitali hiyo hiyo ilimletea tuzo kubwa daktari aliyeianzisha? Benjamin Warf aliunganisha mbinu mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mtoto anaweza kukwepa mrija wa kudumu, ambao ukiziba kijijini usiku ni hatari. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya MacArthur.

Je, wajua kuwa imbalu ina somo la kinga ya mwili? Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, vijana wa Bamasaba huanza msimu wa tohara kwenye uwanja wa Mutoto, Mbale. Upande wa ndani wa govi umejaa seli za kinga ambazo VVU hupenda kuingia. Majaribio ya Rakai na Kisumu yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Nusu si yote: kondomu ibaki, na kila kijana awe na kisu chake.

EBOLA: JINJA ILIKOSA, MBALE IKAWAHIWA

Je, wajua kuwa miji yote miwili imeguswa na ebola aina ya Sudan? Mlipuko uliotangazwa Septemba 2022 ulifika Jinja mwezi wa Novemba. Chanjo za majaribio zilitua Uganda Desemba, wakati wagonjwa wapya walikuwa wamekwisha, kwa hiyo hazikupimwa.

Tarehe 30 Januari 2025 mlipuko mwingine ukatangazwa. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa, muuguzi wa Kampala, alikuwa ametafuta matibabu hadi Mbale. Safari hii dozi zilikuwa zimeshahifadhiwa nchini. Tarehe 3 Februari, siku ya nne, watu waliokaribiana na wagonjwa walianza kuchanjwa katika jaribio la kwanza kabisa la chanjo ya aina hiyo wakati wa mlipuko. Lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Walioliongoza walikuwa watafiti wa Makerere na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe. Waliougua walikuwa 14 na waliofariki wanne, idadi ndogo mno kuthibitisha nguvu ya chanjo. Lakini siku nne!

NANI ANAPOKEA SASA?

Tulisema tutarudi. Mwaka 1963 vipande vya uvimbe vilipanda ndege na jina likabaki London. Mambo yanabadilika.

Je, wajua kuwa Mtanzania Julie Makani wa Muhimbili alishinda tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa utafiti wa selimundu? Na Mkenya Faith Osier wa Kilifi akaipata mwaka 2014 kwa kueleza jinsi mwili unavyojikinga na malaria, lile swali la kingamwili za Gambia?

Je, wajua kuwa Osier huyo huyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili duniani, 2019 hadi 2022? Kipande cha kioo ambacho timu yake hutumia kupima kingamwili nyingi za malaria kwa mpigo kinaitwa KILchip, KIL ya Kilifi.

Je, wajua kuwa kwa kijana wa Uganda mlango ulio karibu zaidi ni MUII, kituo cha mafunzo ya kinga na maambukizi cha Makerere na taasisi ya Entebbe? Tangu 2008 kimefadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na huendesha kozi ya kinga ya mwili katika nchi za joto. Mbale nayo ina kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, hatua chache kutoka wodi zilizotajwa hapa.

Maswali hayajaisha. Bakteria wa Mbale humfikiaje mtoto mchanga? Kwa nini mkojo mweusi umekaza mashariki? Mtoto wa Nagongera mbu wakipungua, kinga aliyoijenga hubaki miaka mingapi? Mwenye jibu la mojawapo ana insha tayari, na hatalazimika kutafuta wagonjwa mbali. Sharti ni kupima, kuchapisha kwa jina lake, na kuwahi: umri usizidi 35. Daktari mwanafunzi aliye zamu Jinja leo akiwa na miaka 26 ana tisa mbele yake.